Rekodi ya Twiga Stars katika Mashindano ya Kimataifa, 2010–2025: Ubingwa wa Kanda na Mwanya Mwembamba wa Bara

Ikisiri

Makala haya yanaeleza rekodi ya timu ya taifa ya wanawake ya Tanzania, Twiga Stars, katika mashindano ya kimataifa kuanzia mwaka 2010, ilipocheza fainali za Afrika kwa mara ya kwanza, hadi mwaka 2025, ilipozirejea nchini Moroko. Rekodi hiyo ina sura mbili zinazoonekana kupingana. Katika kanda, timu imetwaa ubingwa wa Afrika Mashariki na Kati mara tatu na ubingwa wa Kusini mwa Afrika mara moja. Katika bara, imecheza michezo sita ya fainali bila ushindi hata mmoja. Makala yanalinganisha matokeo ya mechi za kufuzu na za fainali ili kubaini kilichobadilika na kisichobadilika katika kipindi hicho. Yanahitimisha kwamba kurejea kwa timu katika fainali hakukutokana na ongezeko la mabao ya kufunga bali na uimara wa ulinzi katika michezo ya nyumbani, na kwamba pengo lililobaki ni la ushindani wa mara kwa mara dhidi ya timu za daraja la juu zaidi.

1.0 Utangulizi

Katika mijadala ya soka nchini Tanzania, Twiga Stars husemwa kwa namna mbili. Inaporudi na kombe, husifiwa kuwa ndiyo timu inayoitoa nchi kimasomaso pale timu ya wanaume inaposhindwa. Inapotolewa, husemwa kuwa soka la wanawake bado changa na kwamba matumaini yaliyowekwa kwayo yalitiwa chumvi. Kauli zote mbili hutolewa kwa kutazama mashindano yaliyopita karibuni, na kila moja hufutwa na mashindano yanayofuata.

Udhaifu wa usomaji wa aina hii hauishii katika maneno. Rekodi ya timu ya taifa ni miongoni mwa vigezo vinavyotumiwa kuamua timu ipewe kambi ya siku ngapi, itafutiwe mechi ngapi za kirafiki, na ligi inayoilisha iungwe mkono kwa kiasi gani. Rekodi inaposomwa vibaya, mchezaji wa kike ndiye anayelipa gharama. Sifa zilizozidi humwacha bila maandalizi kwa kuwa anadhaniwa amekwishafika, na lawama zilizozidi humwacha bila maandalizi kwa kuwa anadhaniwa hatafika.

Makala haya yana lengo la kuieleza rekodi hiyo kwa ukamilifu zaidi. Sehemu ya pili inaeleza mashindano ambayo timu hushiriki na muundo wake. Sehemu ya tatu inachambua rekodi ya kanda, ya nne mechi za kufuzu, na ya tano michezo ya fainali za Afrika. Sehemu ya sita inatazama timu ya vijana, na ya saba inajadili mambo yanayoweza kuyaeleza matokeo hayo. Njia iliyotumika ni ulinganishi wa matokeo ya mechi rasmi. Idadi ya mechi zenyewe ni ndogo, na kwa sababu hiyo hitimisho linalotolewa ni la kuonesha mwelekeo, si la kuthibitisha kanuni.

2.0 Ngazi za Mashindano na Muundo Wake

Timu ya taifa ya wanawake ya Tanzania hushindana katika ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni ya kanda. Tanzania ni mwanachama wa Baraza la Vyama vya Soka Afrika Mashariki na Kati (CECAFA), na kwa nyakati fulani imealikwa kushiriki mashindano ya Baraza la Vyama vya Soka Kusini mwa Afrika (COSAFA). Ngazi ya pili ni ya bara, chini ya Shirikisho la Soka Afrika (CAF), ambalo huandaa Kombe la Mataifa ya Afrika kwa Wanawake, linalofahamika kwa kifupi kama WAFCON. Ngazi ya tatu ni ya dunia, yaani Kombe la Dunia na Michezo ya Olimpiki. Timu ya wakubwa haijawahi kufuzu katika ngazi hii ya tatu.

Ngazi hizi zinatofautiana pia kwa muundo wa ushindani, na tofauti hiyo ina uzito katika ufafanuzi wa matokeo. Mashindano ya kanda hufanyika katika kituo kimoja kwa muda wa takribani wiki mbili. Timu hukaa pamoja, hucheza mechi mfululizo, na kosa la mechi moja linaweza kusahihishwa katika mechi inayofuata. Mechi za kufuzu fainali za Afrika huchezwa kwa mtoano wa nyumbani na ugenini. Timu hukusanyika kwa siku chache, hucheza dakika 180, na hatima ya miaka miwili huamuliwa humo. Uwezo wa kushinda katika muundo wa kwanza hautoi hakikisho la kushinda katika muundo wa pili.

Idadi ya nafasi nayo imebadilika. Hadi fainali za mwaka 2018, michuano ya Afrika ilishirikisha timu nane. Kuanzia fainali za mwaka 2022 idadi ilipandishwa hadi timu 12. Kwa nchi iliyokuwa ikitolewa kwa tofauti ya bao moja, upanuzi huo ulikuwa na maana ya pekee, ingawa, kama itakavyooneshwa, haukutosha peke yake kuirejesha Tanzania katika fainali.

3.0 Rekodi ya Kanda

Mashindano ya wanawake ya CECAFA yalianza mwaka 1986, na Zanzibar, ambayo ina uanachama wake katika baraza hilo, ndiyo iliyotwaa ubingwa. Baada ya hapo yalisimama kwa miaka 30. Ukimya huo ni sehemu ya rekodi hata kama hauna matokeo. Vizazi vizima vya wachezaji wa kike wa Afrika Mashariki vilianza na kumaliza soka bila kuwa na kombe la kanda la kugombea.

Mashindano yaliporejeshwa mwaka 2016 mjini Jinja, Uganda, Tanzania Bara ilitwaa ubingwa kwa kuifunga Kenya mabao 2–1 katika mchezo wa fainali. Mwaka 2018 mjini Kigali, ambako bingwa aliamuliwa kwa mfumo wa ligi, iliutetea ubingwa huo. Mwaka 2019 Dar es Salaam ilikuwa mwenyeji, na Twiga Stars ilifika fainali ikafungwa na Kenya mabao 2–0, yote yakifungwa na Jentrix Shikangwa. Mwaka 2022 wenyeji Uganda walichukua ubingwa kwa kuifunga Burundi, na Tanzania haikufika fainali. Mwaka 2025 mashindano yalirudi Dar es Salaam, na Tanzania ikawa bingwa kwa mara ya tatu.

Kwa hiyo, katika mashindano matano yaliyofanyika tangu mwaka 2016, Tanzania ilishika nafasi ya kwanza au ya pili mara nne. Hakuna nchi nyingine ya kanda yenye rekodi inayolingana nayo katika kipindi hicho. Jambo la pili linaloonekana katika orodha hiyo ni mpangilio wa miaka yenyewe: 2016, 2018, 2019, 2022 na 2025. Mashindano hayana ratiba thabiti. Timu inaweza kukaa miaka mitatu bila kuwa na uhakika wa lini itakutana tena na majirani zake.

Mafanikio makubwa zaidi ya kanda yalipatikana nje ya Afrika Mashariki. Mwaka 2021 Tanzania ilialikwa katika mashindano ya COSAFA yaliyofanyika Gqeberha, Afrika Kusini. Katika nusu fainali iliitoa Zambia kwa mikwaju ya penalti, na tarehe 9 Oktoba ikaifunga Malawi bao 1–0 katika fainali, bao likifungwa na Enekia Kasonga. Timu mwalikwa iliondoka na kombe la wenyeji wake. Kilichofuata wiki mbili baadaye ndicho kinacholeta swali la msingi la makala haya.

4.0 Mechi za Kufuzu: Dakika 180

Tanzania ilifuzu fainali za Afrika kwa mara ya kwanza kwa ajili ya mashindano ya mwaka 2010, chini ya kocha Charles Boniface Mkwasa, baada ya kuzitoa Ethiopia na Eritrea. Baada ya hapo ilifuata safu ndefu ya kutolewa. Ethiopia iliizuia kuelekea fainali za mwaka 2012, Zambia kuelekea za mwaka 2014, na Zimbabwe kuelekea za mwaka 2016. Kuelekea fainali za mwaka 2018 ilitolewa tena na Zambia. Mchakato wa mwaka 2020 ulifutwa kwa sababu ya janga la UVIKO-19. Kisha, mwezi Oktoba 2021, siku chache baada ya kutawazwa mabingwa wa COSAFA, Twiga Stars ilitolewa na Namibia katika raundi ya kwanza kuelekea fainali za mwaka 2022.

Mara mbili za mwisho zinastahili kuangaliwa pamoja na mara mbili zilizofuata mwaka 2023, ambapo timu ilifuzu kwa kuzitoa Ivory Coast na Togo. Jedwali la 1 linaziweka sambamba.

Jedwali la 1: Mechi za kufuzu fainali za Afrika (mabao ya Tanzania yametangulia)

| Mwaka | Mpinzani | Nyumbani | Ugenini | Jumla | Matokeo |
|---|---|---|---|---|---|
| 2018 | Zambia | 3–3 | 1–1 | 4–4 | Ilitolewa kwa mabao ya ugenini |
| 2021 | Namibia | 3–2 | 1–2 | 4–4 | Ilitolewa kwa mabao ya ugenini |
| 2023 | Ivory Coast | 2–0 | 0–2 | 2–2 | Ilisonga mbele kwa penalti 4–2 |
| 2023 | Togo | 3–0 | 0–2 | 3–2 | Ilifuzu |

Jedwali linaonesha jambo ambalo masimulizi ya kawaida hulificha. Katika mitoano miwili iliyopotezwa, Tanzania ilifunga mabao manane. Katika mitoano miwili iliyoshinda, ilifunga mabao matano tu. Ugenini, timu iliyotolewa ilipata sare moja na kufungwa kwa tofauti ya bao moja, ilhali timu iliyofuzu ilipoteza michezo yote miwili bila kufunga hata bao moja. Kwa vigezo hivyo viwili, ushambuliaji na michezo ya ugenini, timu ya mwaka 2023 ilikuwa na matokeo duni kuliko zile zilizoitangulia.

Tofauti iko katika safu ya nyumbani. Dhidi ya Zambia na Namibia, Twiga Stars iliruhusu mabao matano katika michezo miwili ya Dar es Salaam. Dhidi ya Ivory Coast na Togo haikuruhusu hata moja. Uzito wa jambo hili unaonekana mtu akifikiria bao moja tu la ziada. Iwapo Ivory Coast ingefunga bao moja Dar es Salaam, jumla ingekuwa 3–2 kwa faida yake na Tanzania ingetoka katika raundi ya kwanza. Iwapo Togo ingefunga bao moja, jumla ingekuwa 3–3 huku mgeni akiwa na bao la ugenini, hali ileile iliyoitoa Tanzania mwaka 2018 na mwaka 2021. Kilichoitenganisha timu iliyokwenda Moroko na timu zilizobaki nyumbani ni wavu uliolindwa kwa dakika 180 katika ardhi ya nyumbani.

Ufafanuzi huu unalijibu kwa sehemu fumbo la Oktoba 2021. Bingwa wa COSAFA hakushindwa na Namibia kwa jumla ya mabao. Alishindwa kwa kanuni inayoadhibu kwa ukali zaidi bao lililoruhusiwa nyumbani kuliko bao lililokosekana. Katika mashindano ya kituo kimoja, mchezo wa 3–2 ni ushindi na pointi tatu. Katika mtoano wa nyumbani na ugenini, ushindi huohuo ulikuwa mwisho wa safari. Timu iliyozoea kupima mafanikio kwa kushinda mchezo iliingia katika ushindani unaopima mafanikio kwa kutofungwa.

Mwelekeo wa mwaka 2023 uliendelea kwa namna fulani katika kampeni iliyofuata. Mwaka 2025 Tanzania ilizitoa Guinea ya Ikweta na Ethiopia na kufuzu fainali za mwaka 2026. Kufuzu mara mbili mfululizo ni jambo ambalo halijawahi kutokea kabla katika historia ya timu hii. Hata hivyo, ngazi ya dunia ilibaki mbali. Katika kuwania nafasi ya Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2024, Twiga Stars ilifika raundi ya tatu na kutolewa na Afrika Kusini.

5.0 Michezo Sita ya Fainali

Fainali za mwaka 2010 zilifanyika Afrika Kusini, na Tanzania ilipangwa kundi moja na wenyeji, Mali na Nigeria. Fainali zilizobeba jina la mwaka 2024 zilichezwa Moroko mwezi Julai 2025, na Tanzania, ikiwa chini ya kocha Bakari Shime, ilipangwa na Afrika Kusini, Mali na Ghana. Wapinzani wawili kati ya watatu walikuwa walewale. Sadfa hii inatoa nafasi adimu ya kulinganisha timu moja na nyingine kwa kipimo kimoja baada ya takribani miaka 15.

Jedwali la 2: Tanzania katika hatua ya makundi ya fainali za Afrika (mabao ya Tanzania yametangulia)

| Mpinzani | Fainali za 2010 | Fainali za 2024 (Julai 2025) |
|---|---|---|
| Afrika Kusini | 1–2 | 1–1 |
| Mali | 2–3 | 0–1 |
| Nigeria / Ghana | 0–3 | 1–4 |
| Jumla ya mabao | 3–8 | 2–6 |
| Pointi | 0 | 1 |

Mtu akilisoma jedwali hili harakaharaka ataona kwamba hakuna kilichobadilika. Mara zote mbili timu ilishika mkia wa kundi. Mara zote mbili ilifungwa na Mali kwa tofauti ya bao moja. Mara zote mbili ilipoteza kwa tofauti ya mabao matatu mbele ya timu ya Afrika Magharibi yenye historia ndefu katika michuano hii. Faida iliyopatikana kwa miaka 15 ni pointi moja.

Usomaji huo unapuuza kwamba wapinzani nao hawakusimama. Afrika Kusini ya mwaka 2010 ilikuwa haijawahi kucheza Kombe la Dunia la wanawake. Afrika Kusini iliyokutana na Tanzania mwaka 2025 ilikuwa bingwa mtetezi wa Afrika, na miaka miwili kabla ilikuwa imefika hatua ya timu 16 bora katika Kombe la Dunia. Tanzania ilitangulia kuifunga kwa bao la Opa Clement, na mabingwa hao wakasawazisha katika kipindi cha pili. Sare hiyo ya 1–1 ndiyo pointi ya kwanza ya Tanzania katika historia ya fainali hizi. Kubakiza pengo lilelile mbele ya mpinzani aliyepanda ngazi ni kupanda ngazi pamoja naye.

Hesabu ya kundi nayo inaonesha jinsi mwanya ulivyokuwa mwembamba. Kabla ya mchezo wa mwisho dhidi ya Ghana, Tanzania ilikuwa na pointi moja, na ushindi ungeifikisha pointi nne. Mali iliingia robo fainali ikiwa na pointi nne kutoka nafasi ya tatu ya kundi hilohilo. Mchezo huo ulikwisha kwa 4–1. Ni katika mchezo uliohitaji ushindi, si katika ule wa kumzuia bingwa, ambapo ulinzi ulifunguka. Jambo hili linaafikiana na hoja ya sehemu iliyotangulia: nguvu ya timu hii ilikuwa imejengwa juu ya kutofungwa, na ilipolazimika kushambulia dhidi ya timu ya daraja la juu, mizani yake iliyumba.

Kwa jumla, rekodi ya fainali mbili ni michezo sita, sare moja, vipigo vitano, mabao matano ya kufunga na 14 ya kufungwa. Vipigo vitatu kati ya vitano vilikuwa vya tofauti ya bao moja.

6.0 Timu ya Vijana: Serengeti Girls

Maelezo ya rekodi ya Tanzania hayawezi kukamilika bila timu ya wasichana walio chini ya umri wa miaka 17. Mwaka 2022 Serengeti Girls iliitoa Kameruni katika raundi ya mwisho ya kufuzu na kuwa timu ya kwanza ya Tanzania, ya wanaume au ya wanawake, kucheza fainali za Kombe la Dunia za FIFA katika ngazi yoyote ya umri. Fainali hizo zilifanyika India mwezi Oktoba mwaka huo. Mwalimu wake alikuwa Bakari Shime, ambaye baadaye aliiongoza timu ya wakubwa huko Moroko.

Timu hiyo ilianza kwa kufungwa na Japani mabao 4–0. Ikafuata kuifunga Ufaransa 2–1, kisha sare ya 1–1 na Kanada, na kwa matokeo hayo ikaingia robo fainali, ilipotolewa na Kolombia kwa mabao 3–0. Ndani ya siku kumi, wasichana wa Tanzania waliruhusu mabao manne kwa timu moja ya daraja la dunia na kisha kuishinda nyingine.

Tukio hili lina umuhimu wa kimaelezo. Linaonesha kwamba katika umri wa miaka 17 pengo kati ya msichana wa Tanzania na wenzake wa mataifa makubwa ya soka linaweza kuzibika. Kwa kuwa timu ya wakubwa bado haijashinda mchezo hata mmoja wa fainali za Afrika, sababu za pengo hilo haziwezi kutafutwa katika kipaji. Zinapaswa kutafutwa katika kile kinachomtokea mchezaji kati ya umri wa miaka 17 na 23: mechi anazocheza, walimu anaokutana nao, na iwapo soka linaweza kumpatia riziki.

7.0 Mjadala: Mambo Yanayoweza Kueleza Rekodi

Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kuanzishwa kwa Ligi Kuu ya Wanawake. Ligi hiyo ilianza msimu wa 2016/17, na bingwa wake wa kwanza alikuwa Mlandizi Queens. Baadaye JKT Queens na Simba Queens zilipokezana ubingwa. Ni kweli kwamba ligi imeongeza idadi ya mechi za ushindani kwa mchezaji wa Kitanzania, lakini mpangilio wa wakati unahitaji uangalifu. Ubingwa wa kwanza wa CECAFA ulipatikana mwezi Septemba 2016, kabla ya msimu wa kwanza wa ligi. Kufuzu fainali za mwaka 2010 kulitangulia zaidi. Ligi, basi, haikuizaa timu yenye uwezo. Inaelekea iliupa uwezo uliokuwapo nafasi ya kudumu.

Jambo la pili ni mashindano ya klabu ya bara. Ligi ya Mabingwa ya CAF kwa wanawake ilianzishwa mwaka 2021. Mwaka 2022 Simba Queens ilicheza fainali zake Moroko, ikafika nusu fainali na kumaliza katika nafasi ya nne. Mwaka 2023 JKT Queens ilishiriki nchini Ivory Coast. Kwa wachezaji waliozoea kukutana na timu za daraja la juu mara moja katika miaka kadhaa, michuano hii iliongeza mechi ambazo ratiba ya timu ya taifa haikuweza kuzitoa.

Jambo la tatu ni wachezaji kwenda kucheza nje. Aisha Masaka, aliyewahi kuichezea Yanga Princess, alijiunga na BK Häcken ya Uswidi na baadaye Brighton & Hove Albion ya Uingereza. Opa Clement, aliyewahi kuichezea Simba Queens, alikwenda kuichezea Beşiktaş ya Uturuki. Clara Luvanga alijiunga na Al Nassr ya Saudi Arabia. Wote watatu ni washambuliaji. Hali hiyo inazua swali kwa watafiti: iwapo kilichoirejesha timu katika fainali ni ulinzi, na wanaopata mafunzo ya daraja la juu nje ni washambuliaji, ulinzi wa timu ya taifa unategemea karibu kikamilifu ubora wa ligi ya ndani. Pale ligi hiyo inapokuwa na tofauti kubwa kati ya klabu mbili za juu na nyingine zote, mabeki wa klabu hizo hupitisha sehemu kubwa ya msimu bila kusumbuliwa. Beki asiyesumbuliwa nyumbani hujifunza kazi yake siku anapokutana na Ghana.

Jambo la nne ni upanuzi wa fainali. Ongezeko kutoka timu nane hadi 12 lilipunguza ugumu wa njia, lakini mchakato wa kwanza chini ya idadi mpya, ule wa kuelekea mwaka 2022, ndio ambao Tanzania ilitolewa na Namibia. Upanuzi ulifungua mlango. Haukumvusha mtu kizingiti.

Hatimaye, lipo suala la mwendelezo. Kukatika kwa mashindano ya CECAFA kati ya mwaka 1986 na 2016, na ratiba isiyotabirika tangu hapo, kunamaanisha kwamba sehemu kubwa ya uzoefu wa timu hii umepatikana kwa milipuko: wiki mbili za mechi nyingi, kisha miezi ya ukimya. Muundo huo unaifaa timu inayoshiriki mashindano ya kituo kimoja na kuidhoofisha ile inayohitaji kukusanyika kwa siku chache na kucheza mtoano bila kosa. Rekodi ya ubingwa mwingi wa kanda na vipigo vya tofauti ndogo barani inalingana na muundo huo.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba sura mbili za rekodi ya Twiga Stars hazipingani. Timu ina uwezo wa kutosha kuongoza kanda yake, na uwezo huo umedhihirika katika mashindano manne kati ya matano ya CECAFA na katika ubingwa wa COSAFA. Kilichoitenga na fainali za Afrika kati ya mwaka 2010 na 2023 kilikuwa, angalau katika mitoano ya mwaka 2018 na 2021, mabao yaliyoruhusiwa nyumbani. Mabao hayo yalipozuiwa mwaka 2023, timu ilifuzu ijapokuwa ilifunga kidogo zaidi na kushindwa michezo yote ya ugenini.

Katika fainali zenyewe, ulinganisho wa wapinzani walewale unaonesha kwamba timu imekwenda sambamba na maendeleo ya bara bila kuyapita. Pointi moja iliyopatikana dhidi ya bingwa mtetezi ni kipimo cha mwendo huo, na vipigo vitatu vya tofauti ya bao moja ni kipimo cha umbali uliobaki.

Matokeo haya yana athari kwa wanaopanga maandalizi na kwa watafiti. Kwa wapangaji, yanaelekeza kwamba mechi za kirafiki dhidi ya timu za daraja la juu, zinazochezwa kwa ratiba inayojulikana, zina uwezekano wa kuongeza tija kuliko kambi ndefu za muda mfupi kabla ya mashindano, na kwamba mafunzo ya safu ya ulinzi yanastahili kipaumbele kinacholingana na sifa wanazopewa wafungaji. Kwa watafiti, eneo linalohitaji uchunguzi zaidi ni safari ya mchezaji kutoka Serengeti Girls hadi Twiga Stars. Kundi lililoifunga Ufaransa mwaka 2022 linafahamika, na umri wake unahesabika. Kufuatilia ni wangapi kati yao watakaokuwa bado wanacheza soka la ushindani watakapofikisha miaka 23, na ni kwa sababu zipi wengine wataacha, kutaeleza rekodi ijayo ya Tanzania kabla mechi zake hazijachezwa.